Kitenzi Kikuu cha Kiingereza: Vidokezo vya Kukinasa

Sentensi ya Kiingereza yenye maneno ishirini inaweza kuwa na matano yanayofanana na vitenzi, na moja tu ndilo kitenzi kikuu. Ukilikosa hilo, hata kamusi haikusaidii. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili akaingia kidato cha kwanza Tanzania, ambako masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, anakutana na sentensi za aina hiyo wiki ya kwanza tu. Vidokezo hivi ni vyake, na vya mzazi anayekaa naye mezani jioni.

1. Usitafute "neno la kutenda". Maelezo hayo yanatosha kwa "Asha runs", basi. Tazama hii: "The destruction of the forest worries farmers." Tendo zito hapo ni kuharibu msitu, lakini "destruction" ni nomino. Kitenzi ni "worries", ambacho hakimtoi mtu jasho. Na "is" je? Haitendi chochote, ila katika "The soup is cold" ndiyo kitenzi pekee kilichopo.

2. Sogeza wakati. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kitenzi kinachoongoza sentensi ndicho kinachobeba wakati, kama "-na-" na "-li-" zinavyokaa ndani ya kitenzi chetu. Chukua "The woman carrying the basket sells oranges." Anzisha na "yesterday": "sells" inageuka "sold", "carrying" haitikisiki. Umeshapata jibu. Vitenzi kama "cut" na "put" vinaweza kukuzuga kwa sababu umbo la jana na la leo linalingana. Hivyo vipime kwa "tomorrow", uone "will" inakaa mbele ya neno gani.

3. "-ing" iliyo peke yake, iache. Bila umbo lolote la "be" mbele yake ("is", "are", "was", "been" na mengineyo), haiwezi kuwa kitenzi kikuu. "Swimming in the sea tires me": kinachochosha ni kuogelea, kitenzi ni "tires". Neno linalofuata "to" nalo lipite vivyo hivyo.

4. Fungia kando vishazi tegemezi. Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo twende taratibu. Ukiona "who", "which", "that", "because", "when" au "if", chukua penseli utie mabano. "The teacher (who taught us chemistry) has moved to Dodoma." Kilichomo ndani ya mabano kina kitenzi chake, na hakikuhusu kwa sasa.

Kasheshe ni pale Kiingereza kinapoificha hiyo "that". Sisi kirejeshi hatukiachi: simu *aliyoinunua* mjomba. Wao wanasema "The phone my uncle bought broke", vitenzi viwili vimegandana bila hata koma. Dalili iko mwanzoni: "the phone" na "my uncle" zimefuatana bila "and". Hapo katikati pana "that" iliyomezwa. Kitenzi cha kwanza ni cha mjomba, cha pili ni cha simu, na sentensi hii inahusu simu.

Mtego mbaya zaidi ni huu: "The goat sold at the market escaped." Jicho linarukia "sold". Lakini mbuzi hakuuza kitu; aliuzwa. Jaribu kuingiza "which was" kabla ya "sold": inakubali, kwa hiyo hicho ni kishazi kilichofupishwa. Kabla ya "escaped" inakataa, kwa hiyo kitenzi kikuu ni hicho. Usijione mzito: mwaka 1970 mwanaisimu wa Marekani, Thomas Bever, alitoa mfano wa sentensi kuhusu farasi aliyekimbizwa kupita ghala akaanguka, maneno saba tu ya Kiingereza, na mpaka leo wenye lugha yao wakiisoma mara ya kwanza wengi hudhani imekosewa. Afadhali maneno kama "stolen", "taken" na "written": hayo hayawezi kabisa kusimama bila msaidizi, kwa hiyo hayadanganyi.

5. Tenganisha TS (kitenzi kisaidizi) na T (kitenzi kikuu). Uliyechanganua sentensi za Kiswahili, "alikuwa anapika" unaijua: kisaidizi, kisha kikuu. "She has been cooking" ni hivyo hivyo. T ni "cooking", na waliotangulia ni wasaidizi. Orodha yao ni fupi: "be", "have" na "do" katika maumbo yake, pamoja na "can, could, may, might, must, shall, should, will, would". Ila "be", "have" na "do" zikibaki peke yake zinapanda cheo: katika "She has two cows", "has" ndiyo T. Kumbuka pia kwamba kinachobeba wakati katika kundi ni msaidizi wa kwanza. Kile kipimo cha "yesterday" kitakuonyesha kundi liko wapi; T ni la mwisho katika kundi hilo.

6. Swali lirudishe liwe taarifa. "Did the bus leave?" ni "The bus did leave." Kazi imeisha.

7. Usifanyie mazoezi vichwa vya habari. Magazeti ya Kiingereza hubana nafasi kwa kutupa wasaidizi. "Minister to visit Lamu" haina kitenzi kinachobeba wakati hata kimoja. Shuka kwenye habari yenyewe, utakuta kitu kama "The minister will visit Lamu on Friday to open a new jetty." "Will" ni TS, "visit" ni T, na "open" imekwama nyuma ya "to".