Mkumbara: Kijiji cha Reli Chini ya Misitu ya Shume

Somo: 1 Wafalme 5

Katika somo la robo hii tunasoma jinsi Sulemani alivyoagiza mierezi ya Lebanoni. Tumeona vema tuisome sura hii pamoja na historia ya Mkumbara, kijiji cha wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Buiko mwaka 1909, na Mkumbara iko kati ya vituo hivyo viwili. Juu yake, huko Shume, kulikuwa na misitu ya mitarakwa. Wazungu waliuita mti huu mwerezi, ingawa si mwerezi wa Lebanoni. Mbao zake ni laini, zina harufu nzuri na huchongeka kwa urahisi, kwa hiyo viwanda vya penseli vya Ujerumani vilizitaka sana.

Tatizo lilikuwa mteremko. Kutoka Shume hadi relini ni kushuka mita 1,500 hivi. Kampuni ya Wilkins na Wiese ikajengewa njia ya waya yenye urefu wa kilomita 9 hivi, na miti ikateremshwa ikining'inia hewani juu ya mabonde mpaka Mkumbara. Hapo ilipakiwa kwenye mabehewa kwenda bandarini Tanga. Kambi ya juu Wajerumani waliiita Neu-Hornow.

Na nani alifanya kazi? Tangu mwaka 1907, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal (leo Lushoto), kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Shamba lake mwenyewe lilisubiri. Sasa soma aya ya 13 na ya 14: watu 30,000 wa shokoa, mwezi mmoja Lebanoni na miezi miwili nyumbani. Tofauti ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri tunapoisifu Hekalu. Tena Hiramu alilipwa ngano na mafuta mwaka hata mwaka. Kwa mitarakwa ya Shume, Washambaa hawakuwa na Hiramu wa kupatana bei kwa niaba yao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala ulihamia kwa Waingereza. Sehemu kubwa ya Shume ilipandwa misonobari na misanduku ya kigeni, na wakulima wakaruhusiwa kulima kati ya miche mpaka ilipokua. Msitu wa asili uliobaki upande wa Magamba sasa ni hifadhi. Treni ya abiria, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirudi katika njia hii mwaka 2019.

Tunaomba kila kikundi, kabla ya kukutana tena, kiwaulize wazee wake: msitu wa kwetu ulikatwa na nani, mbao zilikwenda wapi, na kijiji kilibaki na nini? Andikeni majibu, mje nayo.