Tairi la Gundi: Jinsi ya Kulibandua na Kulitumia Tena

Wenzangu chamani wameleta mashairi na vitendawili. Mimi nimeleta tairi.

Hapa Mutomo baiskeli tunayoijua ni ile nyeusi ya kubebea mitungi ya maji. Tairi lake hushika ringi kwa waya wa pembeni, na ukitaka tyubu unaitoa kwa mpini wa kijiko. Mjomba wangu alipotuletea baiskeli ya mashindano, mtumba kutoka Nairobi, ilipata pancha ya mwiba wa mgunga siku ya pili tu. Nikaikokota hadi sokoni. Fundi akaigeuza-geuza, akaniuliza, "Kijana wangu, hili tairi limezaliwa pamoja na ringi?"

Swali lake halikuwa la mzaha. Tairi hilo halina waya. Limeshonwa upande wa chini kama mutura, tyubu imo ndani, na kinacholishika kwenye ringi ni gundi peke yake.

Kulibandua, toa upepo wote. Anza upande unaotazamana na valvu. Sukuma kwa vidole gumba mpaka tairi liinuke kidogo, kisha pitisha kijiti butu chini yake ukizunguka taratibu. Valvu huja mwisho, ivute wima. Bisibisi usiiguse! Itachana kitambaa cha chini, na kitambaa kikichanika huna tairi tena.

Tafuta tundu kwa maji. Hapo bandua kitambaa, fumua nyuzi kwa urefu wa vidole vitatu hivi, toa tyubu, bandika kiraka chembamba. Kabla ya kushona upya, papasa ndani ya tairi utafute mwiba. Wengi husahau, nao mwiba hausahau.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nililirudisha langu juu ya gundi kuukuu iliyokauka. Lilionekana limeshika. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko likatoka kwenye ringi, nikaenda chini kwa kiwiko. Alama ninayo. Wala si sisi wa kijijini tu: katika Tour de France ya mwaka 2003, Mhispania Joseba Beloki alikuwa akishuka kwa kasi kwenye lami iliyoyeyuka kwa jua, gurudumu la nyuma likateleza, tairi likatoka, naye akavunjika paja. Breki za kubana ringi huipasha moto, na gundi hulegea kwa joto. Jua letu mwalijua.

Kwa hivyo, gundi ya zamani ikiwa nyembamba na laini iache, mabonge yakwangue. Paka mpya kwenye ringi na kwenye tairi, ngoja inate bila kulowesha kidole. Ingiza valvu kwanza, shuka pande zote mbili mpaka mkono ukutane na mkono. Linyooshe, jaza upepo, uliache usiku kucha. Asubuhi toa upepo ulisukume kwa gumba. Ukiona mwanya, usipande.

Na likichakaa kabisa, msidhani tyubu yake itafaa kufungia mitungi kwenye keria. Ni nyembamba mno, hukatika. Kwa kazi hiyo ombeni ya baiskeli nyeusi.