Herufi Mbili za Nchi: Ni Mali ya Nani?

Nchi nne zapakana na Ziwa Tanganyika, na katika intaneti kila nchi ina herufi zake mbili: Burundi ina .bi, Tanzania .tz, Kongo .cd, na Zambia .zm. Herufi hizi hukaa mwisho wa jina, nazo huitwa kikoa cha ngazi ya juu. Leo tujifunze jambo moja: ni nani azitungiaye sheria, na kwa faida ya nani?

Kwanza, tufahamu zilikotoka. Zimetwaliwa katika orodha ya kimataifa ya nchi, iitwayo ISO 3166. Ng'ambo ya ziwa, Zaire ilikuwa na .zr. Nchi ilipoitwa tena Kongo mwaka 1997 ilipewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa.

Pili, mtunzaji. Mwaka 1994 Mmarekani Jon Postel, aliyesimamia ugawaji wa vikoa hivi, aliandika kuwa mtunzaji ni mdhamini, si mwenye mali. Huwatumikia watu wa nchi yake na watu wote wa intaneti pia. Sharti awatendee waombaji wote kwa sheria moja, na msimamizi wa kikoa akae katika nchi ile ile. Kikoa cha .bi kilianza mwaka 1996; mwaka 2002 kikakabidhiwa Centre National de l'Informatique, ofisi ya Serikali mjini Bujumbura. Tanzania ilishika njia nyingine: tzNIC iliundwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na chama cha makampuni ya intaneti.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa Rumonge? Tuseme chama cha wakamuaji wa mawese chataka jina la mji wetu mbele ya .bi, kipate kuuza mafuta mbali. Mgeni mwenye fedha akitangulia, apewe kwa kuwa amewahi? Au jina la mji liwekwe akiba kwa wenyeji? Sheria ya kwanza ni nyepesi, wala haina upendeleo, lakini humfaa zaidi aliye karibu na mashine. Ya pili humlinda mnyonge, lakini humpa karani nafasi ya kuchagua amtakaye. Tena, asiyelipa ada angojewe siku ngapi? Wakigombana wawili, nani aamue, na kwa lugha gani?

Kwa maoni yangu, sheria yo yote kati ya hizi yaweza kufaa, mradi iandikwe kabla ya ugomvi, isomwe na wote, na mshindwa apate mahali pa kukata rufani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, mlio katika maofisi na maduka, ziulizeni sheria hizo, mzisome, mkatoe maoni yenu.

Maswali
1. Kwa nini mtunzaji wa kikoa huitwa mdhamini?
2. Jina la mji wenu apewe nani? Toa sababu mbili.