SOMO: MAJI YA KUNYWA MELINI NA TANGI LETU KIJIJINI

Huenda mkauliza: mambo ya meli yanatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari? Yanatuhusu sana. Meli ni kama kijiji chenye tangi moja. Maji yakiharibika wote huugua, na huko baharini hakuna zahanati ya kukimbilia.

Uchafu huingia wapi?
Meli ikifika bandarini, kama pale Mombasa, huweza kujaza maji kwa mpira. Nyingine hutengeneza maji safarini: huchemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke, au huyasukuma kwa nguvu kwenye chujio linalozuia chumvi. Maji huanza yakiwa safi. Kumbe huchafukia njiani: mpira uliolazwa chini, tangi lisilooshwa, bomba lililotoboka.

Sheria yasemaje?
Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka nahodha au mtu aliyemteua akague maji ya kunywa mara kwa mara na kuandika matokeo. "Tuliangalia" haitoshi. Lazima kiwe kitabuni.

Hupimwa nini?
1. Klorini. Dawa ya kupimia hutiwa katika maji kidogo, nayo hugeuka rangi ya waridi klorini ikiwapo. Maji yaliyotiwa klorini yakifika mferejini, isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita.
2. Bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi. Katika mililita 100 asionekane hata mmoja. Kipimo hiki ni cha maabara.

Basi sisi tufanyeje?
Tusipime tangini tu. Tuchukue maji mahali pawili: tangini na mferejini. Tangi likiwa safi na mfereji mchafu, tusihangaike kuosha tangi. Kasoro iko kwenye bomba. Vyote viwili vikiwa safi na watoto bado wanaharisha, hebu tuangalie mitungi ya nyumbani, na mikono pia.

Wakati wa kuchukua maji:
- Ombeni chupa ya maabara kupitia kwa afisa wa afya. Msiisuuze, maana huwa ina dawa ndani ya kuzima klorini.
- Safisheni mfereji, kisha acheni maji yatiririke kidogo.
- Msiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko.
- Iwekeni mahali pa baridi, ifike maabara siku hiyo hiyo.
- Andikeni tarehe, mahali na matokeo.

Maji maangavu si lazima yawe salama. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Tangi letu liliwahi kupimwa lini? Nani aliandika?
2. Tangu maji yatoke tangini hadi yafike kikombeni, yanapitia mikono na vyombo vingapi?
3. Ni nani kati yetu tutakayempa kazi ya nahodha?