Panya, Nyani na Ugumba Utokanao na Homoni

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama kwingineko nchini, lawama za ndoa isiyo na mtoto humwangukia mke hata kabla mume hajapimwa. Baadhi ya wanawake hao wana kasoro ya homoni inayotibika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi huwapata wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kuwa wanao.

Kwa kuwa haijuzu kumtia mtu ugonjwa ili achunguzwe, watafiti hutumia wanyama, na kila mnyama huchaguliwa kwa swali lake. Panya hupevusha mayai kila baada ya siku 4 au 5, hivyo mabadiliko ya ovari huonekana upesi. Lakini hapati hedhi. Nyani hupata hedhi kama mwanamke. Ndiyo maana Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Nairobi imewatumia kuchunguza endometriosisi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake kwa kuchochewa na homoni ya estrojeni.

Dawa ya letrozoli yatoa funzo kubwa. Dawa hii huzuia homoni za kiume zisigeuzwe kuwa estrojeni. Panya jike akipewa kila siku kwa muda wa wiki 3, homoni za kiume humzidi, mayai hayapevuki, na ovari hujaa vifuko. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoigizwa maabara. Mwanamke mwenye ugonjwa huohuo akipewa kwa siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko, estrojeni hushuka kwa muda mfupi, ubongo huiamsha ovari, na yai hupevuka. Kinachomwuguza panya humsaidia mwanamke. Tofauti ni kipimo na muda. Kwa hiyo matokeo ya maabara hayageuki kuwa tiba mpaka yathibitishwe kwa binadamu, na dawa za homoni hazinunuliwi dukani kwa kusikia habari za jirani.

Mhudumu wa afya na aulize kwanza kuhusu hedhi: je, hupita siku 35 bila kuonekana? Huja na maumivu makali? Je, kuna ndevu au chunusi nyingi? Wenzi waliojaribu kupata mimba kwa miezi 12, au 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, wapimwe wote wawili: mume mbegu zake, mke ovari kwa picha ya ultrasaundi, pamoja na homoni za tezi shingo na prolaktini. Vipimo visipopatikana wilayani, wapewe rufaa mapema, kwa mfano kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Lawama haipimi homoni; maabara hupima.