Kijana wa Laptopu Atakaa Wapi?



Somo la toleo hili lilianza kwa swali la mama mmoja, mwanachama wa kikundi cha akina mama katika soko dogo pembezoni mwa Nairobi, upande wa Ngong. Tulikuwa tumemaliza kuhesabu mchango wa mzunguko na watu wameanza kufunga vikapu. Akasimama, akasema: "Mwalimu, nisaidieni. Msichana wangu amemaliza koleji. Kila siku saa tisa anatoka na mkoba, anasema anaenda kazini. Juzi nikamfuata polepole. Nikamkuta amekaa kwa hoteli, kikombe kimoja cha chai mbele yake, anaangalia kompyuta. Saa mbili usiku bado ako pale. Sasa hiyo ni kazi ama ananidanganya?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa maana swali hilo limeingia katika nyumba nyingi. Mzazi anaona kijana ameketi tu, hana jembe wala ofisi, naye kijana anaona aibu kueleza. Kama kawaida ya masomo yetu, tuanze kwa kuona, kisha tuamue, ndipo tutende.

Tulimwomba yule binti ruhusa, tukafuatana naye siku tatu. Kazi yake ni kusikiliza mikutano iliyorekodiwa Marekani na kuandika kila neno lililosemwa. Siku nyingine anazungumza na mwajiri wake ana kwa ana kupitia kompyuta. Wapo vijana wengine wanaojibu maswali ya wateja wa kampuni za mbali, wanaofundisha watoto wa ng'ambo, au wanaotunza hesabu za duka ambalo hawajawahi kuliona kwa macho. Kazi hii ilipata njia hasa baada ya mwaka 2009, wakati nyaya kubwa za intaneti zilipofika Mombasa kupitia baharini. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwafunza vijana kazi za namna hii. Kwa hivyo mama alipata jibu lake la kwanza: ndiyo, ni kazi.

Lakini mbona asifanyie nyumbani? Tulienda tukaona. Nyumba ni vyumba viwili, wako watu sita. Mtandao wa simu unashika karibu na mlango tu, na mlangoni ndipo wadogo zake wanapochezea. Jirani ana redio. Stima ikipotea inarudi ikitaka. Tena kuna jambo la saa, ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Saa tatu asubuhi ya New York, ofisi zikifunguliwa, kwetu ni saa kumi alasiri. Wakati wa baridi yao, kuanzia Novemba hadi Machi, ni saa kumi na moja jioni, kwa sababu wao hurudisha saa nyuma na sisi hatubadilishi. Anayefanya kazi na watu wa London ana nafuu, yeye huanza saa tano au saa sita mchana. Basi binti anapotoka saa tisa si mvivu aliyechelewa kuamka. Anawahi.

Sasa hapo ndipo penye kazi ya kutafuta. Mahali pazuri pa kufanyia kazi ya namna hii ni pale penye stima, mtandao, kiti cha kukalia saa sita bila mgongo kuuma, na njia ya kurudi nyumbani salama. Kupata vyote pamoja ni vigumu.

Siku ya kwanza tulienda mkahawa wa kisasa, ule wa barabara kuu, wenye vioo na viti vya ngozi. Mikahawa ya aina hiyo imeongezeka sana tangu Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999, na sasa iko hata katika miji ya pembeni ambapo zamani kulikuwa na bucha na posta tu. Mtandao ulikuwa mzuri, stima ilipopotea jenereta ikanguruma, na hakuna aliyetuangalia vibaya. Lakini bei! Na hapa turuhusuni kusema neno la pembeni. Kahawa ililetwa nchini na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioipanda Bura, huko Taita, mwaka 1893. Wakulima Waafrika wengi hawakuruhusiwa kuilima mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Leo tunaichuma sisi, tunakunywa chai, na kikombe kimoja cha kahawa katika mkahawa kama ule mara nyingi kinazidi malipo ya kilo nzima ya matunda mabichi tuliyobeba mgongoni mpaka kiwandani. Hayo tuyaache kwa somo lingine.

Siku ya pili tulikaa katika maktaba ya umma. Pana utulivu, meza ni pana, na malipo ni kidogo sana. Kwa kazi ya kuandika tu tungewashauri vijana wote waanzie hapo, au katika kituo cha Ajira kama kiko karibu. Lakini maktaba hairuhusu kuzungumza, na hufungwa jioni, wakati ule ule New York inapoamka.

Siku ya tatu tulirudi kwa hoteli ya soko, ile ile ambayo mama alimkuta binti yake. Meza nne, chai ya maziwa, mandazi, maharagwe. Hapa tulikaa kuliko kwingine, na hapa ndipo tulikosea.

Tulikuwa tumekwisha kuwa upande wa binti. Mwenye hoteli alipokuja mara ya tatu kupangusa meza ambayo haikuwa chafu, tuliona anatufukuza, na mmoja wetu akasema jambo hilo waziwazi. Mama wa hoteli akakaa chini. Akasema: "Mimi simfukuzi mtoto wa mtu. Lakini saa saba watu wa jua kali wanakuja kula, wanakuta meza ya watu wanne imekaliwa na mtu mmoja na kikombe kimoja. Wanaenda kwingine. Na hiyo kompyuta inakula stima yangu." Kwa meza alikuwa na haki kabisa, nasi tukaomba msamaha.

Kwa stima, hesabu inasema vingine, na tungependa kila kikundi kiifanye kwenye ubao. Laptopu nyingi hutumia wati 65 au chini ya hapo. Saa nane za kazi ni kama nusu uniti. Tukikadiria uniti moja ni shilingi 30, hiyo ni shilingi 15 au 16 kwa siku nzima. Birika ya stima ya wati 2,000 ikichemka dakika 16 imekula kiasi kile kile. Mama wa hoteli aliangalia ubao, akaangalia birika lake, akanyamaza. Kumbe hasara yake ilikuwa ya kiti. Mambo yakijulikana hivyo, watu wanaweza kupatana. Walikubaliana hivi: binti asikalie meza kubwa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, akae pembeni karibu na ukuta, anunue kitu kila baada ya saa mbili, asichomoe birika ili achomeke chaja, na simu za kazi akazungumzie nje upande wa nyuma. Naye hatapanguswa meza.

Tukafanya hesabu ya binti pia. Tuseme anapata shilingi 1,000 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa mkahawa wa kisasa: nauli ya kwenda na kurudi 100, vikombe viwili vya kahawa 600. Zinabaki 300 kwa siku, 1,500 kwa wiki. Kwa hoteli ya soko: chai na mandazi 120, bando la intaneti 100. Zinabaki 780, ambazo kwa wiki ni 3,900. Stima ikipotea siku moja na kazi ya siku hiyo ikaharibika, anabaki na 2,900. Siku mbili, 1,900. Siku tatu, 900, na hapo sasa amepitwa na mkahawa. Kwa karatasi, basi, hoteli ya soko inashinda hata stima ikipotea mara mbili kwa wiki. Lakini karatasi haioni kila kitu. Mwajiri wa mbali hapigi kelele ukikosa. Ananyamaza tu, na wiki ijayo kazi imeenda kwa mwingine. Ndiyo sababu tulimshauri agawanye: kazi ya kuandika, inayoweza kungoja saa mbili tatu, aifanyie sokoni. Siku ya kuonana na mwajiri kwa kompyuta alipe nauli aende barabarani kwenye jenereta. Mazungumzo ya picha yanaweza kumaliza kati ya nusu gigabaiti na gigabaiti moja na nusu kwa saa, hivyo si jambo la kujaribu na bando la mkia.

Mambo machache ambayo vijana wenyewe walitufundisha. Usiagize chakula kabla ya kujaribu mtandao, na ujaribu saa ile ile utakayofanya kazi, kwa maana mtandao wa saa nne asubuhi si ule wa saa mbili usiku wakati kijiji kizima kiko kwa simu. Angalia upande wa kutuma pia, si wa kupokea tu. Nyumba ya mabati huzuia mawimbi ya simu, basi kaa karibu na dirisha. Uliza: stima ikipotea, kile kisanduku cha waifai kinazimika? Laptopu yako ina betri, lakini kisanduku kikizimika waifai ya hapo imekatika. Kisanduku hakitumii stima nyingi, na betri ndogo inaweza kukishikilia. Kaa mgongo kwa ukuta ili mtu asisome nambari yako ya siri ya M-Pesa wala maneno ya wateja wako, kwani tangu mwaka 2019 tunayo sheria ya kulinda habari za watu, na anayeshika habari za wengine ana wajibu. Na ukienda chooni, beba laptopu. Hilo tuliambiwa na kijana aliyeiacha.

Jambo lililotusumbua zaidi ni usiku. Kazi inayoanza saa kumi na moja huisha saa tano au saa sita. Hoteli ya soko inafunga saa tatu. Binti alikuwa akimalizia kazi kwenye veranda ya duka lililofungwa, kwa mwanga wa taa ya mlinzi, kisha anatembea kama kilomita mbili. Mama yake hakujua. Alipojua, pale mkutanoni, hakusema kitu kwa muda.

Kikundi hicho kina chumba cha kupanga pale sokoni. Hutumika Alhamisi kwa mkutano, siku nyingine kina kufuli na viti vilivyopangwa juu ya vingine. Mwanachama mmoja akauliza, kwani hatuwezi kuwafungulia watoto? Mweka hazina akapinga, na sababu zake zilikuwa nzuri: nani atalipa tokeni, nani atafunga saa sita usiku, na kiti kikivunjika? Walijadiliana mikutano miwili. Mwisho wakaamua kujaribu miezi mitatu: viti vinne, meza mbili, waya mmoja wa ekstensheni, kila kijana alipe shilingi 50 kwa siku zikiandikwa kwenye daftari. Mama wa hoteli alikubali kuacha chupa ya chai kabla ya kufunga, na anauza kikombe kwa kikombe. Kufuli inashikwa na mlinzi wa soko, ambaye analipwa tayari. Mwendesha boda boda mmoja, kijana wa kanisa anayejulikana na wazazi wote, hufika saa sita.

Tunapoandika haya, mwezi wa pili unakwisha. Wanaokuja kila siku ni wawili. Watatu aliacha kwa sababu ya kelele za posho mill ya jirani, ambayo husaga mpaka saa moja usiku, na hilo hatukuliwaza. Daftari linaonyesha tokeni imelipika, kodi bado. Mweka hazina hajabadili mawazo yake, lakini ndiye aliyeleta taa ya mlangoni.

Maswali ya kujadili kikundini

Katika kikundi chenu, ni wazazi wangapi wana kijana anayefanya kazi kwa intaneti? Kila mmoja aeleze kazi hiyo kwa maneno yake. Asiyeweza, akamwulize kijana kabla ya mkutano ujao.

Vijana hao wanakaa wapi wakati wa kazi, na wanarudi nyumbani saa ngapi, na nani?

Mkiwa na hoteli au kibanda cha chai kama mradi wa kikundi, fanyeni hesabu ya stima kwa ubao kama tulivyofanya, kwa bei ya tokeni yenu. Kisha hesabuni kiti: saa ya chakula, kiti kimoja kinaingiza shilingi ngapi?

Je, kuna chumba chenye kufuli katika soko lenu, shuleni au kanisani? Ufunguo uko kwa nani?

Katibu aandike majibu ya swali la mwisho na kuyaleta ofisini kwetu parokiani. Tunataka kupiga hesabu ya vyumba hivyo kabla ya kwenda kuongea na Padre kuhusu ukumbi.