SOMO KWA MAKATIBU NA MAKARANI WA MATAWI: SEVA INAPOKATAA KUPOKEA KOMPYUTA NYINGINE



Matawi mengi sasa huweka daftari la wanachama, hesabu za ada na majalada ya mashauri katika kompyuta moja, na kompyuta nyingine za ofisi huchukua humo kwa njia ya mtandao. Kompyuta hiyo huitwa seva. Mara nyingi ni mashine kuukuu iliyowekwa Linux na Samba, programu ya bure iliyotolewa kwanza mwaka 1992.

Tuseme ni asubuhi. Shauri la mwenzetu aliyefukuzwa kazi shambani litasikilizwa saa nne, barua zake za onyo zimo ndani ya seva, na kompyuta ya karani haiifikii. Kwanza ieleweke kwamba barua hazijapotea. Kaeni mbele ya seva yenyewe, zinakilini kwenye flashi, na mwakilishi aende kwenye shauri. Ufundi utafuata. Tunalitanguliza hili kwa sababu tumeona watu wakifuta mashine nzima na kuanza upya kwa hofu, na hapo ndipo daftari hupotea kweli.

Baada ya hapo tazameni mmekataliwa namna gani, maana seva haikatai kwa namna moja.

Kwenye kompyuta ya karani andikeni neno "ping" na anwani ya seva, kwa mfano ping 192.168.1.20. Pasipo jibu, angalieni waya na taa ya swichi. Panya hupenda nyaya hizi kuliko mahindi. Kama taa inawaka, yaelekea anwani imebadilika. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuipa seva namba mpya, na karani akabaki anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Someni namba mpya kwenye seva kwa amri "ip addr", kisha ndani ya ruta itengeeni seva namba moja ya kudumu.

Kama ping inajibu lakini seva inakataa papo hapo, mashine i hai ila Samba haiko kazini. Kwenye seva andikeni "systemctl status smbd". Ikiwa imesimama, "testparm" itawaonyesha mstari uliokosewa katika faili la maagizo. Ukisharekebishwa, iwasheni kwa "sudo systemctl restart smbd". Halafu "ss -tln" ionyeshe mlango namba 445 uko wazi. Mkiona 127.0.0.1:445 peke yake, seva inazungumza na nafsi yake tu: tazameni mistari ya "interfaces" katika faili lile lile.

Ping ikijibu lakini muunganisho ukangoja mpaka ukachoka, mara nyingi ni programu ya ulinzi inayozuia wageni kimyakimya. Hapa wengi huizima yote, mambo yakaenda, wakaiacha hivyo. Sisi hatukubali. Daftari la wanachama ndilo kitu ambacho mwajiri mkorofi angetaka kukiona kabla ya kingine chochote. Fungueni mlango 445 kwa anwani za ofisi peke yake, wala msiufungue kwa intaneti.

Ikiwa seva inauliza jina na neno la siri kisha inakataa, mtandao ni mzima, msiguse waya. Samba ina daftari lake la maneno ya siri, mbali na la Linux. Mtu asajiliwe Linux kwanza, kisha kwa "sudo smbpasswd -a" na jina lake. Akiingia lakini asione faili, kasoro iko kwenye ruhusa za folda. Mpeni ruhusa anayehusika. Mweka hazina hana haja ya kusoma majalada ya mashauri.

Limebaki swali la kompyuta za zamani za Windows XP. Hizo hutumia lugha ya kale iitwayo SMB1, ambayo Samba imeizima tangu toleo 4.11 la mwaka 2019. Mei 2017 kirusi WannaCry kilipitia udhaifu wa lugha hiyo katika Windows, kikavuruga hospitali za Uingereza na kusimamisha kazi katika viwanda vya Renault huko Ufaransa. Mafundi wengine watawaambia irudisheni kwa mstari mmoja tu. Ni kweli mstari ni mmoja. Afadhali mashine ile iwekwe Linux, iendelee kutumika.